Baba amepata kiharusi: je, kazi ya kine ni kukanda tu?

Binti wa Kadutu (Bukavu) aliuliza:

Jambo yenu nyote. Baba yangu ana miaka 61. Wiki 5 zilizopita aliamka usiku akitaka kwenda chooni, mguu wa kuume ukamkatalia, akaanguka kando ya kitanda, na alipojaribu kutuita maneno yakatoka yamevunjika. Hospitalini walituambia ni kiharusi, ule ugonjwa ambao waganga wetu huuandika AVC kwenye karatasi, na kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio ulioumia. Alilazwa siku 12. Presha imeshuka kwa vidonge na maneno yamerudi kiasi cha kutosha kugombana na wajukuu, lakini mkono wa kuume unaning'inia na mguu anauburuta.

Siku ya kutoka daktari aliandika: kine (kwa Kifaransa kinésithérapeute, yule mtu wa tiba ya viungo) mara 3 kwa wiki, muda wa miezi 3. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Tulihesabu malipo ya kine, tukaongeza teksi ya kwenda na kurudi, tukaongeza na vijana wawili wa kumbeba kwenye kiti, maana kutoka nyumbani kwetu hadi barabarani ni mteremko wa ngazi za udongo na mvua ikinyesha hata mzima anashuka kwa makalio. Baba mdogo anasema fedha hizo zinaliwa bure. Alimsindikiza kaka yake mara moja tu, akamkuta kine anauinua mkono wa mgonjwa na kuushusha, kisha anamwambia asimame aketi, asimame aketi, na nusu saa ikawa imekwisha. Anasema hapa mtaani kuna mama anayekanda kwa mafuta ya mawese ya moto na majani, anakuja mwenyewe nyumbani, anatoza kidogo, na anafanya kazi saa nzima bila kupumzika.

Mimi sina la kumjibu, kwa sababu kusema kweli sijui kine ni nani hasa ndani ya hospitali. Je, ni msaidizi wa muuguzi, ni mkandaji mwenye diploma, au ni mtu mwenye kazi yake mwenyewe ambayo mwingine hawezi kuifanya? Familia inakutana Jumapili kuamua. Naomba anayeifahamu kazi hii anieleze kwa utulivu.

Kine wa Nyawera (Bukavu) alijibu:

Dada, pole kwa mzee, na pole kwa ngazi hizo, maana nazijua. Mimi ni kine, huu ni mwaka wangu wa 14. Nitaanzia kwa alichokiona baba mdogo, kwa sababu alichokiona ni kweli kabisa. Kosa ni letu sisi tusioeleza tunachokifanya mbele ya ndugu wa mgonjwa.

Lile zoezi la kusimama na kuketi ndilo moyo wa kazi. Mtu aliyepooza upande mmoja akitaka kusimama hutupa uzito wote kwenye mguu mzima, hushika meza kwa mkono mzima, akajivuta. Anasimama, ndiyo, lakini ule mguu mgonjwa haukuitwa kazini, na kila siku inayopita unazidi kusahau. Kine anairudisha miguu yote miwili nyuma kidogo chini ya kiti, anaweka kiganja chake juu ya goti la kuume ili lisikimbilie nje, kisha anamwambia mgonjwa ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo anyanyuke. Kwa macho ya mtazamaji ni mzee anasimama na kuketi. Kwa mkono wa kine ulioko juu ya goti ni jambo jingine: anasikia kama paja limeanza kukaza au bado limelala, na kwa kusikia huko anaamua kukiongeza kiti urefu, kukipunguza, au kumpumzisha mgonjwa. Leo mara 8, keshokutwa mara 12, wiki ijayo kiti cha chini zaidi. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, lakini sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kuibeba kazi yake, na ubongo hujifunza kwa mtu kurudia mwenyewe tendo lenye maana kwake. Mgonjwa aliyelala huku mtu mwingine anamfanyia kila kitu, hata akikandwa saa nzima, ubongo wake umepata burudani tu.

Uliuliza nafasi yetu hospitalini. Daktari anatafuta ugonjwa, anaupa jina na kuuzuia usiendelee. Muuguzi anamlinda mgonjwa usiku na mchana, dawa, vidonda, chakula, usafi. Swali la kine ni tofauti: mtu huyu anaweza kufanya nini leo, kinachomzuia ni nini, na afanye nini ili wiki ijayo aweze zaidi? Kabla sijamgusa mgonjwa wa kiharusi napima presha. Naangalia kama upande uliopooza unasikia moto, baridi na mguso, kama anaona vizuri pande zote mbili, kama anajua mguu wake uko wapi akifumba macho, kama akiketi bila kuegemea anaangukia upande gani. Kutokana na hayo ndipo zoezi linachaguliwa. Wagonjwa wawili wenye karatasi inayofanana ya daktari wanaweza kutoka kwangu na mazoezi yasiyofanana hata moja. Kwa hiyo sisi si wasaidizi wa muuguzi, ingawa bila muuguzi kazi yetu inaharibika usiku mmoja.

Sasa yule mama na mafuta yake. Simtukani, na kukanda kwa upole kunaweza kumtuliza mzee. Lakini kuna mambo mawili ambayo lazima ayajue kabla hajamgusa. La kwanza ni moto. Niliwahi kupokea mgonjwa mwenye malengelenge kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono; walimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na kwa kuwa upande ule ulikuwa hausikii, yeye mwenyewe aliendelea kuzungumza na wageni huku ngozi inaungua. La pili ni hatari zaidi. Mguu usiotembea unaweza kugandisha damu ndani ya mshipa. Mkiona tafu ya mguu mmoja imevimba, ina joto na inauma, msiukande hata kidogo, mrudisheni hospitalini siku hiyo hiyo, kwa sababu kile kipande cha damu kikisukumwa kinaweza kupanda hadi kwenye mapafu na kumuua mtu.

Naongeza la tatu ambalo halimhusu yule mama bali ninyi. Mnamnyanyuaje mzee kutoka kitandani? Nina hakika karibu kamili kwamba kijana mmoja anamvuta kwa mkono wa kuume au anamtia mikono kwapani. Bega la mtu aliyepooza halina misuli ya kulishika, limening'inia kwa kano tu, na kila mkivuta linateguka kidogo kidogo. Baada ya miezi miwili mzee atakuwa na maumivu ya bega yasiyompa usingizi, atakataa mazoezi, na watu watasema kine hakusaidia. Mkono huo usivutwe kamwe. Akiketi, uwekeni juu ya mto au juu ya meza, usibaki ukining'inia. Na kama kuna mtu amempa mpira wa kufinya ili kiganja kipate nguvu, mwondoleeni: kwa mkono ambao vidole vyake vimeanza kujikunja vyenyewe, tunalolitafuta ni kufunguka, na kufunga wanajua tayari.

Kuhusu fedha nitasema jambo ambalo wenzangu wengine hawatalipenda. Seansi 3 za nusu saa ni saa moja na nusu. Wiki ina saa 168. Mtu akikuambia kwamba mzee atapona kwa ile saa moja na nusu peke yake, anakudanganya. Nikiwa mimi, na nikijua familia haiwezi kubeba malipo yote, ningependa nimwone mara moja kwa wiki na mwanafamilia mmoja awepo kila mara, yule yule, aliyekuja kujifunza, na siku nyingine sita yeye ndiye afanye kazi nyumbani, asubuhi na jioni, kwa kile nilichomwonyesha. Mwombeni kine wenu hivyo, waziwazi. Msiahirishe, kwa sababu miezi 3 ya mwanzo ndiyo ambayo mwili huwa unarudisha zaidi. Baada ya hapo mtu bado anaweza kuendelea mbele, ila polepole.

Na vidonge vya presha visiachwe hata siku moja. Hakuna zoezi linaloweza kuchukua nafasi yake.

Muuguzi wa Himbi (Goma) alijibu:

Namuunga mkono Kine wa Nyawera, na ninaongeza machache kutoka upande wa wodi, kwa sababu watu wengi hudhani kine ni mtu wa viharusi na mgongo tu.

Katika wodi yetu ya upasuaji mgonjwa aliyefunguliwa tumbo huogopa kukohoa, kwa maana kila akikohoa anahisi mshono unapasuka. Asipokohoa, makohozi yanakaa chini ya mapafu, na siku ya tatu homa inapanda. Kine anakuja, anampa mto aukumbatie juu ya mshono, anamfundisha kuvuta pumzi hadi chini kabisa na kukohoa huku ameubana mto. Dakika 10 tu. Nimeona homa nyingi zilizozuiwa kwa mto ule kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Hapa Goma, kwa bahati mbaya, tunawafahamu pia watu waliokatwa miguu kwa risasi na mabomu. Ndugu kwa huruma huweka mto chini ya goti au chini ya paja ili kigutu kipumzike. Huruma hiyo inamgharimu mgonjwa mguu wa bandia. Nyonga au goti likizoea kukaa limekunjwa linakaza hivyo hivyo, na siku ya kupimwa mguu wa bandia hauwezi kuvalika sawasawa. Kine humlaza kifudifudi mara kadhaa kwa siku ili nyonga inyooke, humfunga kigutu kwa bandeji kipate umbo, humwimarisha mikono kwa ajili ya magongo, na haya yote hutangulia fundi wa mguu wa bandia. Kituo cha Shirika la Umoja hapa mjini, ambacho kimekuwa kikisaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ni mahali ambapo unaweza kuona fundi na kine wakibishana mbele ya mtu mmoja anayepiga hatua tano kati ya vyuma viwili. Ubishi huo ni mzuri. Na mtu akitoka pale bado lazima afundishwe kutembea juu ya mawe ya volkano, kwa sababu sakafu ya saruji ya kituo si barabara ya Goma.

Jambo jingine, ili baba mdogo asidhani kwamba zoezi ni zoezi na mtu yeyote anaweza kulianzisha wakati wowote. Zamani tulidhani mgonjwa wa kiharusi akiinuliwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi ndivyo atakavyopona vizuri zaidi. Mwaka 2015 zilitoka habari za utafiti mkubwa unaoitwa AVERT, wa wagonjwa zaidi ya 2,000, ulioonyesha kwamba kuwashughulisha kwa wingi ndani ya saa 24 za kwanza kuliwapunguzia nafasi ya kuwa na hali nzuri baada ya miezi 3. Zoezi ni kama dawa: lina kipimo chake, na kuna saa ambayo kipimo kidogo ndicho bora. Baba yenu ana wiki 5, hayo yamempita, lakini ndiyo sababu tunahitaji mtu aliyesomea kupima.

Mzee wa Kamalondo (Lubumbashi) alijibu:

Vijana wangu, mmesema vizuri, ila mruhusu mzee atie chumvi. Mimi nilifanya kazi ya mgodini miaka 26 na mgongo wangu umenifikisha kwa makine wengi, na si wote niliowakuta wanafanana na huyu ndugu wa Nyawera.

Wa kwanza, katika kliniki ambayo sitaitaja, alinilaza kifudifudi, akaniwashia taa nyekundu mgongoni, akatoka nje kuzungumza kwenye simu. Baada ya dakika 20 akarudi, akazima taa, akaandika jina langu kwenye daftari. Seansi 10, kila moja nimelipa. Joto lilikuwa tamu, sikatai, lakini nilipofika nyumbani nikainama kufunga kamba za viatu maumivu yalikuwa pale pale yakinisubiri. Akaniuzia na mkanda mpana wa kufunga kiunoni, nikauvaa miezi minane, hata kanisani.

Wa pili alikuwa binti mdogo kuliko mjukuu wangu. Hakuwasha taa. Aliniuliza maswali karibu nusu saa: ninalalaje, ninainuaje ndoo, ni wakati gani maumivu yanashuka mguuni, kama nina shida ya kukojoa. Nikakasirika, nikamwambia sikuja kwa kuhojiwa. Akacheka, akasema kama ningekuwa na ganzi sehemu za siri au mkojo unaokataa angenirudisha kwa daktari mbio, kwa hiyo lazima aulize. Kisha akanivua ule mkanda, akaniambia nitembee kila siku, akanifundisha mazoezi manne, akanionyesha kuinua mzigo nikiuweka karibu na tumbo. Sikumwamini. Baada ya wiki 6 nilikuwa nafunga viatu vyangu mwenyewe. Baadaye mwanangu alinisomea kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, limeyaweka mazoezi na mafunzo kati ya yanayopendekezwa, na mikanda ya kiunoni kati ya yasiyopendekezwa. Ule wangu sasa umefunga mlango wa banda la kuku.

Kwa hiyo, binti yangu, usiulize tu kama mwende kwa kine. Uliza ni kine gani. Akimtazama mzee kwanza, akamuuliza anataka kurudia kazi gani, akawafundisha ninyi, huyo mlipeni hata kwa kuuza mbuzi. Akiwasha mashine na kuondoka, baba mdogo ana haki.

Kine wa Nyawera alijibu:

Mzee wangu, umenipiga lakini umenipiga kwa haki. Tuna wenzetu wa namna hiyo, na sababu moja ni uchache wetu: kine mmoja mwenye wagonjwa 25 asubuhi moja atawasha taa ili apate mikono ya kuwafikia wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4, karibu mtu 1 kati ya 3 duniani, wana hali ya afya ambayo huduma za kurejesha uwezo wa mwili zingeweza kuisaidia. Sisi katika mji mzima tunajuana kwa majina. Hiyo haimsamehi aliyekuacha na kwenda kupiga simu.

Binti wa Kadutu aliandika, Jumatatu:

Asanteni sana wote. Nimesoma majibu yenu kwa sauti jana mbele ya familia. Kwenye mambo ya bega kila mtu alimgeukia mdogo wangu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akimvuta baba kila asubuhi, kwa mkono wa kuume, na kwa nguvu. Baba alikuwa analalamika bega tangu juzi, sisi tukadhani amelilalia.

Tumekubaliana hivi: mara moja kwa wiki kwa kine, nami ndiye nitakayekwenda naye kila mara, na nimeshamweleza kine mwenyewe, amekubali. Yule mama amekuja pia. Tumemweleza kuhusu moto na tafu ya mguu, akasema yeye hakandi mguu uliovimba tangu zamani, aliambiwa na nyanya yake. Atakuwa anakuja Jumamosi, mafuta ya vuguvugu tu, upande anaousikia. Baba mdogo ananyamaza, lakini leo asubuhi nimemkuta amechuchumaa mbele ya kaka yake, kiganja juu ya goti, anahesabu. Amefika mara 7, akasema paja linakaza, anasikia mwenyewe.

Nina swali moja la mwisho. Baba hataki tena kubebwa kwenye kiti, anasema majirani wanamtazama kama maiti. Zile ngazi ni 43. Akianza kujaribu chache tukiwa naye, mguu upi utangulie?

Kine wa Nyawera alijibu:

Asijaribu kabla kine wenu hajamwona kwenye ngazi mbili au tatu za kituoni, na siku ya kwanza isiwe siku ya mvua. Akiruhusiwa, kanuni ni hii: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia, na mguu mzima unabaki juu ukishikilia uzito. Fimbo akiwa nayo ishikwe kwa mkono wa kushoto. Wewe simama upande wake wa kuume. Akishuka, uwe ngazi moja chini yake, ukimtazama, umeshika mkanda wa suruali, si mkono. Ngazi tatu, apumzike, arudi. Na pale kwenye ngazi za katikati muweke kiti cha kukalia, ili akichoka aketi kama mtu anayeongea na majirani.

Binti wa Kadutu aliandika:

Kiti tumeshakipeleka. Kwenye ngazi ya 20, karibu na mlango wa fundi cherehani. Baba ameshasema fundi huyo ana deni lake.